Uso Unang'aa Kama Sanamu ya Tabaka? Msee wa Kisii na Nyamira, Soma Hii Kabla Ununue Krimu Ingine

Hebu fungua simu yako uende kwa zile picha za mechi ya Shabana pale Gusii Stadium. Uko na mbogi, jezi imekushika poa, mikono iko juu, luku iko sawa. Sasa vuta hiyo picha karibu. Cheki paji la uso, cheki pua. Si unang'aa kama sanamu ya Tabaka iliyotoka kupigwa waksi? Yule jamaa wa nyuma yako, ambaye hata hakuwa anapigwa picha, sura yake imetulia tu. Wewe jua lote la saa nane limekuja kulala kwako.

Hauko peke yako. Hii ni story ya maboyz mob kutoka Suneka mpaka Keroka, Nyamira tao mpaka Kebirigo. Kitambo ilikuwa inabongwa na madem pekee. Ukipatikana mbele ya kioo zaidi ya dakika mbili, mzae anauliza kama umeacha kuwa omomura. Siku hizi mambo ni mengine. TikTok inataka sura, kazi ya ofisi inataka sura, na hata poster ya mchango wa harusi inakuja na picha yako kubwa katikati. Wanasiasa wenyewe wanajua. Cheki mabango ya wale wameanza kujipanga na 2027. Nyuso zimesafishwa na kompyuta mpaka mama zao wangeuliza huyu ni mtoto wa nani.

Lakini kenye kimenifanya niandike si selfi. Ni vitu maboyz wanajipaka ili huo mng'aro uishe.

Wacha nianze na aibu yangu. Nikiwa campus nilinunua kikopo sokoni, kidogo hivi, hakina jina, kimefunikwa na nailoni. Muuzaji aliniambia ni dawa ya mafuta na chunusi, "inatoa kila kitu." Nililipa soo na finje. Wiki ya kwanza, manze, uso ulitulia vibaya sana. Chunusi zikalala, mng'aro ukapotea. Wiki ya tatu watu wakaanza kuniita "brown." Nilifurahi, sitadanganya. Mwezi wa pili doo iliisha, nikakaa siku nne bila kujipaka. Siku ya tano uso uliwaka kama nimemwagiwa pilipili. Ulivimba, ukawa mwekundu kwa mashavu, halafu zikatoka chunusi ndogo ndogo, zote size moja, kama zimepangwa na rula. Nikarudi kwa yule mama. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hiyo ngozi imeshazoea. Chukua ingine."

Hapo ndipo nilishtuka. Kitu kinachokufanya urudi kwa sababu ukiacha unaumia, hiyo si mafuta ya uso, hiyo ni kitu kingine kabisa.

Huo mng'aro unatoka wapi

Kuna ukweli mmoja ambao muuzaji hatakuambia juu hauuziki: mafuta kwa uso si ugonjwa. Chini ya ngozi kuna vifuko vidogo vinavyotengeneza mafuta, na viko mwili wote isipokuwa viganja na nyayo. Kwa uso na kichwa ndiko vimejazana zaidi, kati ya 400 na 900 kwa kila sentimita moja mraba. Hiyo ni sehemu ndogo kuliko kidole chako cha gumba. Kazi ya hayo mafuta ni kulinda ngozi isikauke na kupasuka.

Anayeamuru vifuko hivyo ni homoni, hasa zile za kiume. Ndio maana ukiwa darasa la tano ulikuwa na uso mkavu kama wa mtoto yeyote, halafu ukafika form two ukaanza kung'aa na kutoka chunusi. Na ndio maana wanaume huwa na mafuta mengi kuliko wanawake. Kwa wanawake hupungua wakishapita umri wa kuzaa. Kwa mwanaume huendelea mpaka uzeeni. Cheki guka yako akiwa ameketi nje ya nyumba saa saba mchana, utaona nakuambia nini.

Kwa hivyo mtu akikuambia ana dawa ya "kumaliza" mafuta kwa uso kabisa, anakuambia amemaliza homoni zako. Fikiria hiyo kidogo.

Sasa ongeza mambo ya kwetu. Kisii tao iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Nyamira kuna sehemu zimepanda zaidi, na sisi wote tuko chini ya digrii moja kusini ya ikweta. Asubuhi huko kwa majani chai ni baridi ya kukata masikio, ukungu mpaka saa tatu. Ngozi inakauka, inakuwa nyeupe nyeupe, na hakuna Mkisii analelewa akiruhusiwa kutoka nyumbani na uso wa majivu. Mathe alikuwa anakushika kichwa, anachota jeli kwa vidole viwili, anakupaka mpaka unaweza kutumika kama kioo. Kwa boma nyingi ilikuwa Arimis, ile jeli ya kukamua ng'ombe. Ilianza kwa matiti ya ng'ombe ikaishia kwa watoto, na hakuna mtu aliona shida.

Na kusema haki, saa moja asubuhi haina shida. Jeli ya aina hiyo haizibi vinyweleo venye watu wengi wanaamini. Inakaa tu juu ya ngozi na kuzuia maji yasipotee. Shida inakuja saa sita. Jua la Kisii likitoka linatoka kweli, ukungu umeisha, wewe bado umevaa ile safu ya asubuhi, chini yake ngozi inamwaga mafuta yake, juu vumbi la barabara linakuja kunata. Ukiwa msee wa nduthi, na helmeti, na jasho, unafika stage ukiwa umekaangwa. Halafu unalaumu ngozi yako. Ngozi yako imefanya nini, na wewe umeivalisha koti la saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni?

Kinyozi na story yake

Hapa lazima nitulie kidogo, kwa sababu wengi wenu shida haijatoka kwa mafuta. Imetoka kwa kiti cha kinyozi.

Zile upele unaona kwa kidevu na shingoni siku mbili baada ya kunyoa, wengi wanadhani ni chunusi za mafuta. Mara nyingi si chunusi. Nywele zetu zimejikunja. Ukizinyoa mpaka sufuri, ncha inabaki kali, inakua ikirudi ndani ya ngozi, na mwili unaiona kama mwiba. Unavimba. Sasa wewe unachukua krimu ya mafuta, unapaka kwa mwiba. Itasaidia aje? Mwambie kinyozi akuachie ndevu fupi badala ya kukwangua mpaka chini, asivute ngozi, na asirudie mahali pamoja mara tano akitafuta ulaini. Jamaa wengi wameona tofauti na hiyo pekee, bila kununua kitu.

Na nyuma ya kichwa, pale kisogoni. Kuna wale wanataka laini ikatwe chini sana, kila wiki, mpaka ngozi ing'ae. Vipele vikianza hapo na vikiwa vigumu, achana na hiyo laini mara moja. Vinaweza kugeuka makovu makubwa yaliyovimba, na hayo kuyatoa ni vita.

Halafu ile spirit. Najua inauma na unajiskia mwanaume kamili. Lakini ukipaka spirit kwa uso mzima kila wiki unakausha ngozi na kuichoma, na vile vifuko vya mafuta havijali, vitaendelea na wera yao kama kawaida. Baada ya masaa machache mng'aro umerudi, ila sasa uko na mng'aro na mwasho. Taulo ya moto inayopita kwa nyuso kumi kabla yako sitaizungumzia. Beba yako.

Sasa tufike kwa krimu

Vile vikopo bila jina, na hata vingine vyenye jina kubwa na picha ya msee mweupe kwa boksi, mara nyingi huwa na kitu kimoja au zaidi kati ya vitatu: steroidi, haidrokwinoni, zebaki.

Steroidi ndiyo iliyonipata mimi. Ni dawa halali hospitalini, inatumika kwa magonjwa ya ngozi kama ukurutu. Nguvu yake ni kutuliza uvimbe haraka sana, ndio maana chunusi zinalala kwa siku chache na unaamini umeokoka. Lakini ukipaka ile kali kwa uso kwa wiki nyingi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi za aina yake zinatoka, zile za size moja nilizokuambia. Ukiacha ghafla, uso unalipiza kisasi. Kwa tyubu angalia maneno kama clobetasol au betamethasone. Ukiyaona, hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari, haifai kuwa kwa meza karibu na viatu vya mtumba.

Haidrokwinoni inapunguza rangi ya ngozi. Ukiitumia muda mrefu bila usimamizi, inaweza kugeuka na kukufanya mweusi wa kibuluu kwa mashavu, na huo weusi hautoki kirahisi. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika kuhusu hali hiyo tangu 1975, baada ya kuiona kwa watu wao waliokuwa wanajipaka. Nchi hiyo iliipiga marufuku kwa vipodozi 1990. Sisi tunajipaka 2020 na kitu tukidhani tumegundua siri.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Ni metali, ile ya kwa kipimajoto cha zamani. Inaingia kupitia ngozi, inaharibu figo, inagusa mishipa ya fahamu. Na haikai kwako pekee. Mvuke wake unasambaa kwa keja, inashika taulo na shuka, na kama mnalala chumba kimoja na mtoto wa dada yako, naye anavuta. Kwa pakiti inaweza kujificha kama "calomel" au herufi Hg. Kuna dalili ingine rahisi: kama imeandikwa usiiguze na pete ya dhahabu au mkufu wa fedha, kimbia. Mafuta ya kawaida hayana shida na mkufu wako.

Labda unasema, "Lakini mimi sitaki kuwa mweupe, nataka tu mafuta yaishe." Naelewa. Ni venye nilisema pia. Kwa madem hizi bidhaa zinauzwa kama za kung'arisha, na kila mtu anajua kunaendaje, kuna mpaka jina, mkorogo. Kwa maboyz zinauzwa kama "dawa ya mafuta" au "dawa ya ndevu." Kikopo ni kile kile. Kilichobadilishwa ni maneno ya muuzaji, juu anajua omomura hawezi simama sokoni aulize krimu ya kuwa brown.

Na serikali iko wapi?

Ukiuliza sheria, iko. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni tangu 1998. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Dunia nayo ilikubaliana kwa Mkataba wa Minamata, ule uliopitishwa Japani 2013 kuhusu zebaki, na mwaka 2023 nchi wanachama wakakaza zaidi, wakaondoa hata kile kiwango kidogo kilichokuwa kinaruhusiwa kwa vipodozi. Kwa karatasi tuko sawa kabisa.

Shida ni ya kutoka kwa karatasi mpaka sokoni. Viwango ni kazi ya KEBS, na ofisi yao ya kanda hii iko Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisii tao. Dawa kama steroidi ni kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu. Kaunti, kwa Katiba ya 2010, imepewa vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, pamoja na leseni za biashara. Unaona venye imegawanywa? Yule mama anayeuza kikopo pembeni ya barabara analipa ada ya soko kila siku, askari wa kaunti anampa risiti, na hakuna mtu amewahi kuangalia kwa kikopo kuna nini. Kila mmoja anasema hiyo ni kazi ya mwingine. Na barabara kubwa inayotoka mpaka wa Isebania inapita katikati ya tao yetu, malori na mabasi mchana na usiku. Mzigo mdogo kama krimu unaingia kwa begi la nguo.

Sasa ongeza ushuru, na hapa nataka unisikize vizuri. Juni 2024 tulipiga kelele kwa barabara kuhusu Finance Bill, mkate na kila kitu, mpaka ikaondolewa. Lakini miaka miwili kabla, Sheria ya Fedha ya 2022 ilipandisha ushuru wa bidhaa za urembo kutoka asilimia 10 hadi 15, na wachache sana walisema kitu. "Urembo" hapo inabeba mpaka losheni ya kawaida na ile ya kukinga jua. Juu ya hiyo kuna VAT ya asilimia 16. Piga hesabu: losheni ya shilingi 100 inaingia ushuru inakuwa 115, VAT ikikaa juu yake inakuwa 133 na senti 40. Hapo mwenye duka hajaweka faida yake. Kile kikopo cha sokoni kimelipa nini? Zii. Kwa hivyo tumejenga soko ambalo kitu kilichopimwa kinakuwa ghali, na sumu inakuwa ya bei ya mwanafunzi. Mimi siamini kuna mtu aliketi Treasury akapanga hivyo. Lakini ndivyo imeishia, na msee wa Nyamache mwenye soo na finje kwa mfuko hana nafasi ya kuchagua kwingine.

Pesa kwenyewe iko. Wazungu waliona mapema. Mwaka 2013 L'Oréal ya Ufaransa ilinunua Nice & Lovely, jina la Kenya lililojengwa na Mkenya, Paul Kinuthia. Kampuni kubwa hivyo haiji kununua soko lililolala. Ngozi yako ni biashara, na kila mtu kwa hiyo meza anajua isipokuwa wewe.

Basi ufanye nini

Kwanza punguza. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na mara ya tatu ukitoka kucheza ball au kutoka shamba na jasho. Si mara saba. Na si kwa sabuni ya kipande ya kufulia. Najua iko karibu na najua inatoa mafuta vizuri, hata ya sufuria inatoa. Ngozi yako ina asidi kidogo, sabuni ile iko upande mwingine kabisa, na ukitumia kila siku unavunja ukuta wenyewe. Tafuta sabuni laini ya uso, hata ya bei ya chini, bora haina manukato mengi. Skrabu ya punje kali achana nayo. Huwezi kusugua homoni.

Asubuhi ya baridi bado unahitaji mafuta, sikuambii utoke na majivu ukachekwe stage. Lakini kwa uso weka losheni nyepesi ya maji maji, jeli nzito ibaki kwa mikono na miguu. Kwa wengi hii pekee ndiyo inaua nusu ya mng'aro wa saa sita. Mimi kwangu ilikuwa hivyo.

Kwa jamaa ambao mafuta yamekuja na chunusi, kuna vitu viwili vya chemist vyenye historia ndefu. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2, inaingia kwa vinyweleo na kuvizibua. Na benzoili peroksaidi, anza na asilimia 2.5 au 5, inaua bakteria wa chunusi. Paka kidogo, usiku mmoja ndio mmoja la, mpaka ngozi izoee. Na usivae ile tisheti yako nyeusi ya nguvu wala kulalia foronya ya mathe ya maua, juu inatoa rangi ya nguo kabisa. Ipe wiki sita mpaka nane kabla ya kuilaumu. Najua wiki nane ni mbali wakati kikopo cha sokoni kinaahidi siku tatu. Hiyo siku tatu ndiyo ilinifikisha hapa.

Losheni ya kukinga jua si ya wazungu pekee. Jua huongezeka ukali kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na sisi tumepanda. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ni kweli, lakini yale madoa meusi yanayobaki chunusi ikiisha, jua ndilo linayakolezea. Ukipata ya bei nafuu isiyo na mafuta, weka. Ukikosa, kofia yenye ukingo haitozwi ushuru wa urembo.

Chakula? Hapa watu wana uongo mob. Chipo hazitoki kwa sahani zikatokea kwa pua. Lakini kuna utafiti ulifanywa Australia na kuchapishwa 2007, vijana wa kiume 43 wa kati ya miaka 15 na 25. Nusu walikula kwa wiki 12 vyakula visivyopandisha sukari ya damu haraka, na chunusi zao zilipungua kuliko za wenzao. Kwa lugha ya kwetu, soda tatu kwa siku na mkate mweupe ndio wa kuangaliwa kwanza. Obokima ya wimbi na chinsaga hazijawahi kupimwa kwa mambo ya mng'aro wa uso, kwa hivyo sitakudanganya, lakini hakuna mtu ameumizwa nazo pia. Na wewe wa gym unayekunywa ile poda ya protini ya maziwa, kama chunusi zilianza wakati mmoja na poda, unajua pa kuanzia.

Ukiwa mbele ya meza au duka, fanya kitu kimoja kabla ya kutoa doo. Angalia alama ya ubora ya KEBS na namba chini yake. Andika SM, weka alama ya #, kisha hiyo namba, tuma kwa 20023. Jibu linakuja na jina la kampuni na bidhaa. Kama jina halilingani na kile umeshika, rudisha polepole. Kama hakuna namba kabisa, hakuna hata haja ya kutuma.

Na kama tayari uko ndani, umejipaka miezi na ukiacha uso unawaka, usijaribu kupigana peke yako, na usinunue kikopo kingine cha kutuliza cha kwanza. Kisii kuna hospitali kubwa ya rufaa, Nyamira kuna ya kaunti. Uliza kama kuna kliniki ya ngozi. Si lazima upate daktari bingwa, hao wengi wako Nairobi. Kuna maafisa wa kliniki waliosomea ngozi pekee, wengine kwa kile chuo cha ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, tangu 1992 kufunza watu wa kanda yetu. Wanajua hii story kuliko mtu yeyote wa TikTok. Kuacha steroidi kuna utaratibu wake, mara nyingi unashushwa polepole. Chunusi sugu nazo zina vidonge vyake, vikali, vya kupimwa damu kwanza, na hivyo ni vya daktari tu, si vya kuletewa na rafiki. Kama uko kwa payslip, unakatwa asilimia 2.75 ya SHA tangu Oktoba 2024. Ni doo yako, nenda uulize inalipia nini.

Ukienda, beba hicho kikopo. Mimi nilikiacha keja juu ya aibu, nikasema kwa sauti ya chini ati nilipaka "kitu fulani." Yule afisa hakucheka. Aliniuliza tu rangi ya kifuniko, kama ina harufu, nimepaka siku ngapi, kisha akanituma nirudi nacho kesho yake. Nililipa nauli ya kutoka Nyamira mara mbili.